Anayebisha hodi kwa ajili ya mtoto afundishwe nini?

Mtoto wa miaka miwili ambaye bado hasemi anaweza kupata msaada kwa njia mbili. Mama yake atasubiri miezi kadhaa hadi zamu yao ifike kwa mtaalamu wa usemi mwenye shahada, mtoto aonwe nusu saa, kisha warudi nyumbani na karatasi ya maelekezo. Au mhudumu wa jamii aliyepitia mafunzo ya wiki chache atabisha hodi, aketi sakafuni na mtoto, aage, na wiki ijayo arudi tena. Fedha za mafunzo hazijawahi kutosha, kwa hiyo kila anayezigawa hukutana na swali lilelile: tuwasomeshe wachache kwa kina au wengi kwa haraka?

Wanaotaka wengi hupenda kuanzia Jamaika, na si bure. Kati ya 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliandikisha mjini Kingston watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka 2. Waliowatembelea hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa wasaidizi wa afya ya jamii, na kazi yao ilikuwa kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe. Watoto hao walipofuatiliwa miaka 20 baadaye, kipato chao kilizidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao waliodumaa ambao hawakuchangamshwa hivyo.

Kuna pia suala la idadi. Watafiti walioandika katika jarida la Lancet mwaka 2016 walikadiria kuwa watoto milioni 250 wa chini ya miaka 5, katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wako hatarini kutofikia upeo wa makuzi yao. Watoto hao hawawezi kuvingoja vyuo vikuu. Mtoto aliyezaliwa leo atakuwa amevuka miaka mitatu ya kwanza, ambayo ubongo hujengeka kwa kasi ya pekee, kabla mwanafunzi anayeanza shahada ya miaka minne leo hajavaa joho.

Lakini wanaosimulia ya Jamaika mara nyingi huyaacha ya Denver. Huko Marekani, David Olds aliasisi mpango wa wauguzi kuwatembelea akina mama wa kipato cha chini wanaotarajia mtoto wa kwanza. Mjini Denver mpango huo ulijaribiwa kwa makundi mawili: familia za kundi moja zilitembelewa na wauguzi, za jingine na watu wasio na taaluma hiyo waliofundishwa mpango uleule, na yote mawili yakalinganishwa na familia zisizotembelewa. Matokeo yaliyochapishwa 2002 yalionyesha kwamba, katika mambo mengi, faida iliyoletwa na wasio wauguzi ilikuwa kama nusu tu ya ile ya wauguzi. Na Kolombia, ambako mfano wa Jamaika ulijaribiwa kwa watoto zaidi ya 1,000 kwa kuwatumia akina mama wa jamii, maendeleo ya akili yaliyoonekana mwishoni mwa mpango hayakuonekana tena watoto walipopimwa miaka 2 baadaye.

Nusu inayopotea si kitu cha kupuuza, hasa unapomfikiria mtoto mmoja badala ya wastani. Mhudumu aliyefundishwa haraka anaweza kumwambia mama kwa moyo mweupe kabisa, “Subiri, watoto wengine huchelewa kusema.” Kwa watoto wengi atakuwa sahihi. Kwa yule asiyesikia, neno hilo linamwibia miezi ya lugha ambayo ni kazi ngumu mno kuirudisha. Kutambua dalili za uziwi, usonji au mtindio wa ubongo kunahitaji jicho lililoona watoto wengi chini ya uangalizi wa mtu anayejua zaidi. Hapa wanaotetea elimu ndefu wako sahihi, na sioni namna ya kuwazunguka.

Hata hivyo, naona pande zote mbili zinagombania urefu wa kozi huku somo lilelile likikosekana katika kozi fupi na katika ndefu. Zote huwaandaa watu wa kumshughulikia mtoto, ilhali kazi yenyewe ni kufanya kazi na mtu mzima anayemlea. Tupige hesabu. Hata akilala saa 14 kwa siku, mtoto wa miaka miwili yu macho saa 70 kwa wiki. Mtaalamu mzuri kuliko wote atapata saa moja kati ya hizo. Zilizobaki ni za mama, baba, bibi, dada mkubwa.

Sasa tazama kinachotokea mara nyingi katika saa hiyo moja. Mtaalamu anachukua vikombe, anavipanga, mtoto anacheka na kuiga, pengine anatamka sauti mpya. Mama anatazama pembeni. Anafurahi, lakini pia anajifunza kwamba mtoto wake huitikia watu waliosoma. Mgeni akiondoka, vikombe vinarudi kabatini. Ustadi ninaoutaka ni mwingine, na ni mgumu zaidi: kumpa mama vikombe, kunyamaza, na kuona jambo dogo alilolifanya vizuri. “Umemsubiri bila kumharakisha, ndiyo maana amekuangalia.” Ni ustadi pia wa kumuuliza, “Wewe mwenyewe unalala?” na kubaki kimya kwa muda wa kutosha jibu la kweli litoke, kwa kuwa mama aliyezama katika sonona hatafuata karatasi ya mazoezi hata iandikwe kwa lugha rahisi namna gani.

Marekani iliona hili katika sheria yake ya 1986 kuhusu watoto wachanga wenye ulemavu au ucheleweshaji wa makuzi: mpango wa huduma ulitakiwa uandikwe kwa ajili ya familia, si mtoto peke yake. Lakini sheria hubadilisha fomu haraka kuliko inavyobadilisha mikono. Mtu aliyefunzwa kwa miaka kumtibu mtoto mezani hajui afanye nini anapoambiwa amwachie mzazi nafasi, na hilo si kosa lake.

Ustadi wa namna hii hauingii kwa semina. Bruce Joyce na Beverly Showers, waliochunguza mafunzo ya walimu, walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba maelezo na maonyesho pekee hufika darasani kwa nadra, hadi mwalimu apate mtu wa kumwongoza akiwa kazini. Mhudumu wa jamii hana tofauti. Tena mara nyingi msimamizi wake huja kuhesabu fomu, akiwahi kuja, maana nauli ya msimamizi huwa ya kwanza kukatwa bajeti inapobana.

Ndiyo maana ningewapa wenye shahada kazi ya pili: siku moja kila wiki waende na wahudumu nyumba kwa nyumba, na wafundishwe chuoni namna ya kumlea mfanyakazi mwenzao kama wanavyofundishwa kumpima mtoto. Gharama yake naijua. Siku hiyo moja itarefusha foleni kliniki, na kuna mzazi atakayeambiwa arudi mwezi ujao. Huyo ana haki ya kulalamika. Bado ningeitoa, kwa sababu mtaalamu aliyekaa pembeni ya mhudumu ndiye atakayeona kwamba yule anayesemekana “atasema tu” hageuki anapoitwa jina.

Na mtihani wa mwisho, wa shahada au wa wiki sita, ningeuhamishia nyumbani. Mtahini aketi kimya pembeni, na katika saa nzima ahesabu jambo moja kabla ya mengine: vikombe vilikaa mkononi mwa nani.