Mwacheni mzee apande ngazi

Juzi kwenye grupu la familia mtu kaandika mzee kapigwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), moyo unasukuma asilimia 60, dokta kasema uko poa, kwa hiyo "kuanzia leo apumzike tu, kila kitu tutamfanyia sisi". Zikafuata amina za kutosha. Nikazima data maana ningetukana mtu.

Hiyo 60 yenyewe kapimwa amelalia ubavu wa kushoto, katulia tuli. Inakuambia kwa kila pigo moyo umetoa sehemu gani ya damu iliyokuwa ndani, basi. Wapo wenye 60 yao safi kabisa na ghorofa ya kwanza tu wanahema, kwa sababu shida yao haiko kwenye kusukuma, iko kwenye kujaa: moyo ukizeeka unakakamaa, haulegei upesi kupokea damu, na mapigo nayo hayapandi juu kama zamani. Na miguu iliyozoea kiti hata ikiletewa oksijeni haiitumii vizuri.

Sasa hili la "apumzike" ndo linanichefua kabisa. 1966 kule Dallas, Marekani, walichukua vijana 5 wa miaka 20, wakawalaza kitandani wiki 3. Hawaumwi chochote! Walipoinuka, uwezo wa mwili kutumia oksijeni kwenye mazoezi makali umeshuka zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye wakaitwa walewale, sasa wana 50, mafuta mwilini yameongezeka mara mbili, wakapimwa tena, na uwezo uliopotea kwa miaka yote hiyo ni mdogo kuliko ule uliopotea kwa wiki 3 za kitanda. Soma tena kama hujaelewa. Halafu wakapewa miezi 6 ya kutembea, kukimbia taratibu na baiskeli, wakarudi pale walipokuwa kabla ya kulazwa ujanani. Na nyie mnataka mzee wa 70 akae kwenye sofa mpaka lini?

Haya, nakubali, mwenye maumivu ya kifua, anayezimia au mwenye valvu (mlango wa damu wa moyo) iliyobana aonane na dokta kwanza. Na ndiyo, ukianza baada ya 65 ule ukakamavu wa moyo haulegei sana hata ufanye mazoezi mwaka mzima, ni bora uanze kwenye hamsini. Lakini pumzi na nguvu vinaongezeka hivyohivyo, na mzee anachotaka ni kufika juu bila kusimama mara tatu, hana habari na ukuta wa moyo unavutikaje.

WHO wanasema angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya nguvu ya kiasi, pamoja na mazoezi ya misuli siku 2 na ya balansi siku 3. Ila kliniki mzee anaambiwa "fanya mazoezi mepesi", kwisha. Mepesi yapi? Dakika ngapi? Vidonge anaandikiwa mpaka asubuhi kimoja jioni kimoja baada ya kula, mazoezi anaachiwa abuni mwenyewe, halafu akirudi hajafanya mnamwita mbishi.