Mtumishi, bodaboda au mkulima wa zabibu: kazi ya mwanaume ina uzito kiasi gani?

Mshenga akipeleka barua ya posa Nkuhungu, Chamwino au Kongwa, huku Dodoma, wazee wataulizia kijana anafanya kazi gani kabla mahari haijaguswa. Kwa Wagogo wa zamani jibu lilikuwa zizini: ng'ombe ndio walioonyesha kama kijana na ukoo wake wanaweza kutunza mke. Siku hizi linalotuliza kikao haraka ni "kijana ni mtumishi," yaani mtumishi wa umma. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016 na Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, neno hilo limepanda bei. Vijana wasio na ajira wanalalamika kwamba wanawake wanapenda mshahara tu, na wanawake wanajibu kwamba mapenzi hayalipi kodi. Pande zote mbili zina hoja. Tatizo ni kwamba zote zinapima kwa jina la kazi, na jina la kazi linaficha mambo mengi.

Wanaosema kazi ni muhimu wanadharauliwa isivyo haki, kwa hiyo tuanze nao. Mwanamke anayeuliza kazi anapigia hesabu kipindi ambacho yeye mwenyewe hataingiza hela. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Mama lishe wa Sabasaba, muuza nyanya wa Majengo na msusi wa Chang'ombe hawana hata siku moja ya namna hiyo. Genge likifungwa miezi mitatu, mtaji unaliwa na wateja wanazoea kwingine, huku mwenye nyumba akitaka kodi yake ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo kama kawaida. Anachouliza hasa ni hiki: nikiwa wodini, nani atabeba nyumba? Kumwita mdangaji kwa swali hilo ni kumwonea.

Sheria nayo imesimama upande wake. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamwekea mume wajibu wa kumtunza mkewe. Mke anabebeshwa wajibu wa kumtunza mume pale tu mume anaposhindwa kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi au majeraha ya mwili au akili, na mke awe na uwezo. Kukosa ajira peke yake hakumo.

Sasa tufungue hicho cheo tuone ndani kuna nini. Chukua mtumishi mwenye mshahara wa 800,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, ni 24,000. Kodi ya mapato kwenye 760,000 zinazobaki baada ya mchango wa pensheni, kwa viwango vya tangu Julai 2021, ni 68,000. Kama alisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, asilimia 15 inaondoka: 120,000. Chama cha wafanyakazi, asilimia 2, ni 16,000. Zimebaki 532,000, na hapo hajakopa benki. Akikopa, kinga yake ni kanuni ya theluthi: makato yote kwa pamoja yasimwache na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, ambayo kwake ni kama 267,000. Akiuvuta mkopo mpaka ukingoni ili ajenge, ataishi kwa hizo 267,000 mpaka deni liishe, na mikopo hii huenda miaka kadhaa. Tena kanuni ya theluthi haijui kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, kwa sababu deni hilo halipiti kwenye mshahara. Mwanamke aliyeolewa na "mtu wa laki nane" anaweza kukaa miaka akijiuliza hela inakwenda wapi, akashuku mwanamke mwingine, kumbe jibu liko kwenye hati ya mshahara ambayo hajawahi kuonyeshwa.

Mweke pembeni yake bodaboda. Tuseme anaingiza 25,000 kwa siku, petroli 7,000, hesabu ya mwenye pikipiki 10,000. Anabaki na 8,000, na kwa siku 26 ni 208,000. Lakini kama yuko kwenye mkataba wa kuimiliki, ile 10,000 inanunua chombo. Mkataba ukiisha anabaki na 18,000 kwa siku, yaani 468,000 kwa mwezi kabla ya oili, matairi na matengenezo. Kwa hiyo bodaboda wawili wa kijiwe kimoja hawalingani: kuna anayelipia pikipiki ya mtu miaka nenda rudi, na kuna ambaye mwakani chombo ni chake. Udhaifu wake ni mwingine, na ni mkubwa. Akivunjika mguu hana likizo ya ugonjwa, na bila bima matibabu yanaweza kula pikipiki yenyewe.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo, Mpunguzi au Mvumi anasomwa kwa namna ya tatu. Zabibu Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo hela inakuja kwa mafungu na katikati nyumba inaishi kwa kukopa dukani. Ekari nyingi zinavutia macho, lakini zabibu haingoji: wanunuzi wakijaza, inaozea shambani au inauzwa kwa bei ya kutupa, na anayepumua ni mwenye pa kukamulia na kuhifadhi mchuzi wa zabibu. Kwa huyu, kujua ekari hakutoshi. Ulizia nani anamnunulia, na mara ya mwisho alilipwa baada ya muda gani.

Ukiwapanga hivyo watatu, utaona kitu ambacho utumishi unacho kweli: tarehe. Hela inajulikana itaingia lini na kiasi gani, na hilo ni jambo kubwa kwa anayepanga ada na kodi. Kuna pia bima, ambayo kwa mtumishi inachukua mwenza na wategemezi wanne. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Anayeingizwa kwenye bima ni mke mwenye cheti cha ndoa. Binti anayeishi na mtumishi Ilazo au Nzuguni bila cheti amepata heshima ya mtaani tu, kadi hana. Ni kweli kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinachukulia kuwa ni wanandoa watu waliokaa pamoja miaka miwili na zaidi wakatambulika hivyo, ila hiyo ni hoja ya kupeleka mahakamani, na dirisha la hospitali halitaikubali.

Kuna gharama nyingine ya cheo isiyotajwa kwenye posa: uhamisho. Mke aliyemfuata mume kutoka Dar es Salaam aliacha saluni au duka lenye wateja wa miaka, akaja kuanza upya. Waliobaki huko wanaendesha nyumba mbili. Treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 imefupisha njia, lakini kwa nauli ya 31,000 iliyotangazwa kwa daraja la kawaida, kwenda na kurudi mara mbili kwa mwezi ni 124,000.

Na asiye na kazi kabisa? Mji huu una wahitimu wengi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Chuo cha Mipango na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) wanaosubiri usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Maumivu yao ni ya kweli. Wapo wanawake waliowaacha kwa sababu hiyo tu, na kukana hilo ni kuwadhulumu. Lakini kwa maoni yetu wanawake wengi wanatofautisha vizuri kuliko wanavyosemwa. Anayesubiri usaili huku akifundisha tuisheni, akikusanya alizeti vijijini au kusimamia ujenzi wa watu, ana kitu cha kuonyesha. Anayeondoka asubuhi amechomekea akidai yuko ofisini, siku ikigundulika hapotezi mchumba kwa kukosa ajira. Anampoteza kwa sababu kila alichowahi kusema sasa kina shaka.

Mwanamke anapotangulia kupata ajira ndipo makosa ya gharama kubwa yanapofanyika, na mara nyingi kwa nia njema. Anakopa kwa mshahara wake, anamnunulia mwenzake pikipiki au kiwanja, kila kitu kinaandikwa jina la mwanaume ili asijisikie mdogo. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinachukulia kwamba mali iliyo kwa jina la mmoja ni ya huyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, hisa zao huchukuliwa kuwa sawa. Wakiachana, mwanamke anabaki na makato, na kazi ya kuthibitisha ni yake. Mwanaume naye asidhani hana haki kwa kuwa hakuleta fedha. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mume anayekesha akingoja maji ya mgao, anayepeleka watoto shule na kusimamia mafundi anaweza kusimama juu ya hoja hiyo hiyo.

Kwa hiyo kabla ya barua ya posa, wawili wakae na karatasi: kinachoingia mkononi baada ya makato, madeni yote pamoja na yale yasiyopita benki, na watu wanaowategemea nyumbani kwao. Kiwanja cha Iyumbu au Nala kikilipiwa na wote, majina mawili yaandikwe kuanzia kwenye mkataba wa mauziano, na risiti za mkopo uliokinunua zihifadhiwe pamoja na mkataba huo.