Tabuk hapakupiganwa, sasa vita vya Tambuka vimetoka wapi?

Kila nikitaja Utendi wa Tambuka, lile shairi refu la kale kuhusu Tabuk, hakosi mtu wa kuniambia ule ni uongo mtupu, na kusema kweli hajakosea sana. Tukienda kwenye sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, mwaka 630, wa 9 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alitoka Madina na jeshi linalotajwa kuwa la watu 30,000, jua kali, chakula cha kubahatisha, ndo maana likaitwa jeshi la dhiki, wakafika Tabuk wakakaa siku kadhaa, Warumi hawakutokea, wakarudi zao. Basi. Halafu unamfungua Bwana Mwengo wa Athmani, aliyeutunga utendi huo kule Pate mwaka 1728, unakutana na beti zaidi ya 1,000 na Waislamu wanapambana uso kwa uso na majeshi ya Herkal, mfalme wa Warumi!

Masheikh wanaolalamika nawaelewa. Kumpa Mtume vita ambavyo hakupigana si jambo dogo, tena ukighani mbele ya watu ambao wengi wao sira hawajaifungua, kesho mtu anakuja kukubishia kwamba Tabuk damu ilimwagika.

Ila wanaotaka utupwe kabisa hapo tunaachana. Visa vya maghazi, yaani vita vya Mtume, Waarabu wenyewe walikuwa wakivisimulia kwa chumvi zamani sana, Bwana Mwengo hakuanzisha yeye. Na wale wanaosema ah, kafasiri tu Kiarabu, hebu wajaribu wenyewe: kila kipande mizani 8, vipande vitatu vina vyake vilingane, cha nne kibaki na kina kilekile toka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Fanya beti 20 tu halafu uje tuongee.

Tena bahari hiyohiyo, yaani aina hiyo ya shairi, ndo Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliitumia kuandika vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, hapa pwani ya Mrima, vita vya juzi tu ukilinganisha na Tabuk, vya kina Abushiri na Bwana Heri waliowapinga, na huyohuyo ana utenzi wa Seyyidna Huseni. Yaani chombo kilichochongwa kwa ajili ya Herkal ndo kikaja kubeba habari zetu wenyewe, sasa ukikitupa unatupa na hizo.

Mi naona darasani usomwe bila wasiwasi, japo Kiswahili chake cha kaskazini, nti kwa nchi, mato kwa macho, kinawatoa jasho vijana. Kwenye mawaidha, mghani aseme kabla hajaanza kwamba hii ni hadithi, Tabuk hapakupiganwa, halafu aendelee na Herkal wake.