Redio yangu ndiyo iliyotaja mahari

Kwanza nasema hivi: sikwenda posa na spika. Hayo mnayoyasikia tangu juzi, kwamba nilifunga spika juu ya gari kama ya kampeni nikautangazia mtaa mzima wa Jang'ombe mahari ya binamu yangu, ni maneno ya binamu mwenyewe. Ana haki ya kukasirika, hana haki ya kutia chumvi. Spika zilikuwa zile zile nne za milangoni. Zilikuja na gari kutoka Japani.

Na yote yameanzia huko huko Japani. Ki-Vitz changu kilipotoka bandarini kilikuwa na redio yake ya asili, FM inaishia 90. Za kwetu zinapanda mpaka 108, kwa hiyo nilikuwa nakamata vistesheni viwili vitatu vya mwanzo, vyengine vyote kwangu havijaumbwa. Halafu kila nikiwasha gari kuna mwanamke ananisemesha Kijapani, kwa adabu kabisa. Mwaka mzima namuitikia "waalaykum salaam", mpaka mtu aliyekijua Kijapani akanambia bibi yule ananikumbusha kuwa sijaweka kadi ya kulipia barabara za kwao.

Fundi mmoja wa Darajani akanambia kipo kijisanduku kinaungwa kwenye waya wa antena, kinazishusha stesheni za juu zikaingia kwenye redio ile ile, ila namba itakayoonekana kwenye kioo itakuwa si yenyewe. Nikasema mie sitaki redio ya uongo. Nikanunua ya Kichina, ina Bluetooth, ina tundu la flashi, ina taa zinazobadilika rangi kama ukumbi wa harusi. 85,000. Kuifunga akataka 30,000. Thelathini kwa kuunga waya! Nikamwambia ahsante, nitafunga mwenyewe.

Redio hizi zina waya tatu za kuheshimiwa. Nyeusi inakwenda bodi. Ya njano inataka moto wa muda wote, ndiyo inayoifanya redio ikumbuke saa na stesheni. Nyekundu inataka moto wa swichi, ule unaokuja ukizungusha funguo na kuondoka ukiichomoa. Haya nayajua leo. Siku ile nilikuwa na YouTube tu, kijana wa Kihindi anaeleza kwa Kihindi, na mie Kihindi changu chote nimekipata kwenye filamu: najua kupenda na kulia, kuunga waya simo. Nikamuona kashika njano na nyekundu kazisokota pamoja. Nami nikasokota. Plagi ya zamani nilishaikata kwa kisu cha jikoni. Mafundi, nawasikia mkiguna.

Ikawaka! Nikachomoa funguo, redio inaendelea kuimba. Mwenye akili zake angejiuliza. Mie nilimwita mke wangu aje aone redio isiyohitaji funguo. Asubuhi mbili mfululizo nikasukumwa na watoto wa madrasa, betri imekauka, ndipo nikajifunza kuizima kwa kitufe. Na kitufe chenyewe kina siri: ukikibonyeza kidogo kinachoimba kinanyamaza tu, redio yenyewe iko macho na bado imeshikana na simu yangu kwa Bluetooth, ukitaka izime lazima ukishikilie. Hapo wekeni alama.

Haya, Ijumaa baada ya laasiri. Kwetu muoaji hendi posa, anakaa kwao roho juu, wanakwenda wazee. Mzee wetu ni Ami, na dereva wa Ami ni mie. Ami ana busara, ana maneno matamu, masikio ndiyo yameshamuaga. Kutoka Fuoni mpaka Jang'ombe ananigonga bega: "Pandisha hiyo kasida, mwanangu, mbona inanong'ona?" Napandisha. "Bado." Napandisha. Tulipofika, namba kwenye kioo ilikuwa 38 na mwisho wake ni 40.

Nikaegesha chini ya dirisha la ukumbi wao, ubavuni mwa baraza ya wazee wa dhumna. Joto, vioo nikaviacha chini. Ami keshashuka, joho limenasa mlangoni, ananiita. Nikabonyeza kitufe. Kidogo. Nikakimbilia joho.

Ndani tukapokewa kwa heshima zote. Halwa, sambusa, kahawa chungu. Mzee wa mtoto wa kike ni mtu wa Pemba, mpole, anazungumza taratibu kama anayehesabu. Ami akafungua kwa dua, akasifu nyumba, akasifu malezi, na pangaboi juu linakokoroa. Simu yangu ikatetemeka kwenye mfuko wa kanzu. Ikatetemeka tena. Na tena. Voisi tatu za binamu.

Hapa ndipo mngenishauri niiache simu. Mlikuwa wapi?

Nikaishusha sauti, nikaiweka simu pajani, nikabonyeza ya kwanza. Kimya. Naona kijimstari kinatembea lakini sisikii kitu. Nikapandisha kidogo. Kimya. Nikapandisha mpaka mwisho. Simu kimya, ila nje kwenye baraza kuna mtu kaanza kupayuka, maneno hayashikiki kwa lile pangaboi. Na mie, jamani, mie mwenyewe kwa mdomo wangu, nikamgeukia mzee wa watu nikatikisa kichwa: "Vijana wa siku hizi hawana adabu hata na wageni."

Mzee akaitikia, "Ndo hivyo." Akanyanyuka akazima pangaboi ili tusikilizane.

Nikabonyeza tena, tangu mwanzo.

"VIPI YAKHE, MSHAFIKA?" Sauti imeingia dirishani na pazia ikapepea. "MWAMBIE AMI AANZE NA MILIONI MOJA. ASIPANDE HARAKA!"

Kuna sauti moja ambayo sitaisahau: ya dhumna kuacha kugongwa. Watu wanne kwa mpigo. Kimya kile kilikuwa kizito kuliko kelele. Nikamjua msemaji, na nikaijua gari anayosemea, vyote kwa pamoja. Kidole kikatoka kwenda kuzima. Mnaotumia WhatsApp mnalijua hili: voisi zikiwa zimefuatana, ya kwanza ikimalizika ya pili inajiendea yenyewe. Na kidole changu kimejaa mafuta ya halwa, kioo hakinitambui.

"LAKINI WAKIKAZA, MWISHO TATU. NNAZO TATU KAMILI, ZIKO KWA MAMA. USIMWAMBIE AMI, ATAZITAJA!"

Nafuta kidole kwenye kanzu. Nyuma ya pazia la ndani wanawake wameshika midomo, nawasikia pumzi. Mzee kanitazama, kaitazama simu, kalitazama dirisha, kisha kanirudia mie. Na Ami, ambaye katika yote haya hajasikia hata herufi moja, kakunja mikono kwa utaratibu na kutabasamu:

"Basi sheikh, sisi ni watu wa hali ya chini. Tulikuwa tumefikiria milioni moja."

Hakuna aliyemjibu. Ami akadhani wamekataa. "Na laki mbili," akaongeza.

"NA MUANGALIENI SANA YULE MZEE," binamu akaunguruma kutoka nje, "MJANJA KAMA MBEBA KARAFUU ZA MAGENDO!"

Nilitoka mbio, kandambili moja nimeiacha mlangoni. Nikafika kwenye gari nikakibonyeza kile kitufe nikakishikilia, nikakishikilia, nahesabu moja mpaka kumi, wazee wa dhumna wananitazama na mmoja keshaanza kujifuta machozi kwa msuli. Niliporudi ndani, Ami amefika milioni moja na nusu, anajadiliana na ukuta.

Mzee akaweka kikombe chini. "Mie," akasema, "karafuu zangu zote nimeuza kituoni kwa serikali, na risiti ninazo." Kisha akainamia sikio la Ami akapaza sauti: "TATU!"

Ami kanigeukia kashangaa: "Mbona mzee huyu kakisia vizuri hivi?"

Wamekubaliana. Mtoto mwenyewe kacheka mpaka kakubali, ndoa mwezi wa Mfungo Tatu, ndiyo, tatu tena. Binamu anadai nimemtia hasara ya milioni na nusu na anataka nichangie. Nimemwambia angeituma kwa maandishi. Fundi wa Darajani kaitenganisha njano na nyekundu kwa dakika kumi. Si 30,000 tena, ni 45,000, kwa sababu ya plagi niliyoikata, na amenifanya nikae nimtazame.

Jana nimepita tena Jang'ombe, redio nimezima, vioo nimepandisha juu, joto lote lile. Hata sijaikaribia baraza, mzee mmoja kanyanyua kete yake hewani:

"Ndugu, leo unauza bei gani?"