Walimu wenzangu, lambda haivunjiki kwa nguvu kali

Kijana wa jirani yangu hapa Chake Chake, anayesoma fizikia mwaka wa pili, kaniletea notsi zake za twisheni. Ukurasa wa nguvu za chembe una kanuni tatu tu za kutambua nguvu iliyoivunja chembe: ukiona fotoni (chembe ya mwanga) ni sumakuumeme, ukiona nyutrino (chembe nyepesi mno isiyo na chaji) ni dhaifu, ukiona hadroni tupu (chembe zilizoundwa kwa kwaki, kama protoni na payoni) ni kali. Chini pana mfano: lambda, chembe isiyo na chaji, huvunjika kuwa protoni na payoni hasi. Jibu: nguvu kali. Limepigwa tiki.

Nimeudhika sana. Wazazi wanajinyima kulipia masomo hayo.

Kanuni mbili za mwanzo, basi, zinasaidia. Payoni isiyo na chaji hutoa fotoni mbili, sumakuumeme kweli. Nyutroni ikivunjika hutoa antinyutrino, na hiyo ni dhaifu. Ya tatu ndiyo inayopotosha.

Chukua chembe nyengine, delta isiyo na chaji, ambayo kweli huvunjika kwa nguvu kali. Nayo huvunjika kuwa protoni na payoni hasi, vile vile kama lambda. Kwa kutazama kilichotoka tu, huwezi kuzitofautisha. Lakini delta haimalizi hata sekunde 10⁻²³, na lambda hudumu kama sekunde 2.6 × 10⁻¹⁰, zaidi ya mara trilioni kumi! Vipi iwe nguvu moja? Lambda imebeba kwaki tatu, yaani vijichembe vya ndani vya aina mbalimbali: u, d na s. Protoni ni u, u, d. Payoni hasi ni d na anti-u. Hiyo s imekwenda wapi? Imegeuka aina nyengine, na nguvu kali haina uwezo huo, wala sumakuumeme. Ni nguvu dhaifu peke yake, kupitia chembe W inayoibeba nguvu hiyo.

Fumbo hili liliwasumbua wanafizikia wakubwa tangu 1947, Rochester na Butler walipoona kule Manchester alama za njia za chembe zenye umbo la V: chembe za jamii hii huzaliwa kwa nguvu kali, kisha zinachelewa kuvunjika. Leo tunamnyima mwanafunzi fumbo lenyewe, tunampa tiki.

Nawaombeni, kabla ya kutaja nguvu yoyote mwanafunzi aandike kwaki za kabla na za baada. Aina ya kwaki ikibadilika, ni dhaifu, hata kama hakuna nyutrino. Na swali likitaja muda wa kuishi, autumie: sekunde 10⁻¹⁰ ni nyingi mno kwa nguvu kali.