Mama Mkwe, Pweza na Kubadhi la Kushoto

Kila mgeni anayefikia kwangu Unguja huniuliza: Forodhani, ile bustani ya vyakula ya pwani ya Mji Mkongwe, kwafaa kwenda, au ni pa kuwakamua watalii tu? Mimi humjibu kwamba inategemea unafuata nini. Ukifuata upepo, jahazi na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, nenda leo leo. Ukifuata samaki, tazama kwanza kama mshikaki unatoka kwenye makaa au umelala mezani unangoja kupashwa moto, na bei uliza kabla hujanyoosha kidole. Jibu hilo lilinitosha miaka yote, mpaka alipokuja mama mkwe kutoka Tanga.

Mama mkwe hali chakula cha mtu asiyemjua kwao. Ila majirani walishamjaza maneno kuhusu bustani ile, jinsi ilivyopendeza tangu Mfuko wa Aga Khan uikarabati na kufunguliwa upya mwaka 2009, naye akataka aone kwa macho yake. Nikavaa makubadhi ya ngozi aliyoniletea zawadi, maana mkwe hukaguliwa mpaka nyayo.

Tulifika jua linazama. Mama akasimama mbele ya Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Akalitazama, akatazama moshi wa mishikaki, akaguna.

"Nyumba ya mfalme imeanguka, nyie mnachoma ngisi."

Sijamjibu, papasi mmoja, wale vijana wanaowaandama watalii, akatokeza, kaona baibui jipya na mkoba mzuri, akapaza sauti: "Ciao, bella!" Wataliano ni wengi huku, na vijana wameshajizoesha.

"Bela ndiye nani?" mama akaniuliza.

"Kamfananisha na mtu, mama."

Tukaanza na pizza ya Zanzibar. Mpishi, kofia nyeupe ndefu kichwani, akatandaza donge la unga likawa jembamba kama leso. Akatia nyama ya kusaga, kitunguu na jibini, akavunja yai juu yake, akakunja pembe nne na kuchoma kwenye chuma chenye mafuta.

"Mwanangu, huu si mkate wa mayai huu?"

"Ndio, mama."

"Na hiyo pizza iko wapi?"

"Wanasema ndiyo hiyo hiyo."

"Haya." Akaula wote, pamoja na nusu yangu. Urojo ulipokuja, wenye kachori, bhajia, viazi na chipsi za muhogo juu, hakusema neno mpaka tukaona kitako cha bakuli. Kwa wanaomjua, hiyo ni sifa kubwa. Nami kwa upande wangu nasema, kama una nafasi ya kitu kimoja tu pale, iwe urojo. Kamba wale wakubwa waachie wenye dola.

Kosa likawa la pweza. Alinukia vizuri mno, akanunuliwa sahani nzima, tukaenda kukaa ukutani baharini kuwatazama vijana wanavyoruka. Wale watoto ni tamasha la bure: anakuja mbio, anapiga sarakasi hewani, chubwi, watalii wanashangilia. Nikaweka sahani pembeni nimpigie mama makofi ya heshima kwa jambo fulani alilosema kuhusu ujana wake.

Paka wa Forodhani hawaombi. Nilipogeuka, mmoja kishauma mnyiri mrefu kuliko yeye mwenyewe, anaondoka nao kinyumenyume, sahani inamfuata. Nikarusha mguu kumtisha. Paka hakutishika. Kubadhi la kushoto ndilo lililotoka, likapaa juu ya ukuta, likatua majini. Lingekuwa ndala lingeelea. Ngozi ya Tanga ilizama papo hapo.

Mama mkwe akatazama mguu wangu mtupu. Akatazama bahari. Hakusema kitu, na bora angesema.

"Mjomba, nikutolee?" kijana mmoja akaita kutoka majini. Tukapatana bei, akazama. Akaibuka na ndala ya kike, nyekundu, yenye ua.

"Si hiyo!"

"Lakini hii nzuri zaidi, mjomba."

Watu wakaanza kukusanyika. Mtalii mmoja akatoa simu, akatupiga picha mimi na mguu wangu. Kijana akazama tena, akarudi na kiatu cha mtoto kilichoota vikombe vya bahari. Wenzake nao wakaona kuna kazi, wakaruka wanne kwa mpigo. Kila kilichoibuka kilipangwa ukutani mbele yangu, nami natikisa kichwa, na mama mkwe, ambaye sasa alikuwa anamalizia pweza aliyebakishwa na paka, akawa anavikagua kimoja kimoja.

"Mwambie asiache hicho cheusi," akasema. "Baba mkwe wako anavaa namba hiyo." Kisha akafungua mkoba, akatoa noti, akainama juu ya ukuta. "Wanangu! Tafuteni na mwenzake!"