Si kila panzi ni nzige, tuache kupuliza ovyo

Kila nzige wakitajwa kuna hoja moja inarudi, kwamba hawa wadudu wote wa kurukaruka, panzi, nyenje na ukoo wao mzima, ni maadui wa chakula na dawa yao ni kupuliza tu. Hasira hiyo naielewa kabisa, maana nzige wa jangwani ana gramu 2 tu lakini kwa siku anakula uzito wake mwenyewe, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanasema kundi dogo la kilomita 1 ya mraba, ambalo linaweza kuwa na nzige mpaka milioni 80, linakula kwa siku chakula cha watu 35,000. Hapo mkulima utamwambia asubiri nini?

Ila ukoo huu una spishi zaidi ya 20,000 na zinazogeuka nzige ni kama 20 hivi. Waliobaki wengi ni chakula cha ndege, vyura na mijusi, na ukipuliza bila kuchagua unaondoka nao hao na nyuki pia.

Halafu nzige mwenyewe hazaliwi mkorofi jamani. Akiwa peke yake anawakwepa wenzake kabisa, sasa mvua inanyesha nyikani, wanazaana sana, majani yanakauka, wote wanabanana kwenye vichaka vichache vilivyobaki wanagusanagusana mapaja ya nyuma, na huko kuguswa kwa saa chache tu kunapandisha serotonini, kemikali ya mishipa ya fahamu, mwilini, basi aliyekuwa anakimbia wenzake anaanza kuwafuata. Rangi nayo inabadilika, tena sana, kiasi kwamba mpaka mtaalamu wa wadudu Boris Uvarov alipoandika mwaka 1921 wataalamu walidhani ni wadudu wawili tofauti.

Wanaotetea kuvu ya Metarizamu wana hoja nzuri, inaua jamii ya panzi na nzige bila kudhuru ndege, lakini inachukua wiki moja mpaka mbili au zaidi, na kundi lenye mabawa litakuwa limeshahama zamani. Kwa hiyo likishafika shambani mimi sipingi kemikali. Ninachopinga ni kungoja mpaka hapo, wakati tunutu, yaani nzige wachanga, wanakaa karibu mwezi mzima au zaidi bila mabawa, wanatembea chini kwa miguu, kundi zima liko sehemu moja unaliona kwa macho, na hapo ile kuvu ya polepole inawawahi.